Mbambakofi wa Rangi ya Mafuta

Ulikuwa mwaka wa makopa. Mahindi yalinyauka kabla ya kubeba, mihogo tukaing'oa ikiwa bado myembamba kama vidole vya mgonjwa, tukaikatakata, tukaianika juu ya bati, na tukala bada, ugali wa makopa hayo, kwa mboga ya mchunga mchana na jioni mpaka watoto wakiona sufuria wanageuza shingo. Wali tulipika siku ya Idi tu, nao ulikuwa mchele wa kuvushwa mpakani Lunga Lunga, wenye mawe. Mtu wa huku kwetu Msambweni ukimwambia "mwaka wa makopa" hakuulizi ni upi. Huo ndio mwaka niliofundishwa kuchora mwitu kwa rangi ya mafuta, mimi mwanamke mzee niliyeishia darasa la tatu.

Rangi zililetwa na mjukuu wangu wa kike. Yeye hutandika vitanda katika hoteli moja huko Diani, na siku zake za mapumziko huja kulala kwangu, maana mimi ndiye niliyemlea. Siku hiyo alikuja na mfuko wa unga kichwani, na nyuma yake mwanamume wa bara mwenye ndevu za beberu, amebeba fremu zilizowambwa kitambaa cheupe na kisanduku kinachonuka tapentaini.

"Bibi, huyu ni mwalimu wako," akasema.

"Mwalimu wa nini? Msahafu nimeshahitimu."

"Wa kuchora."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Akautua ule unga, akakaa kando yangu juu ya mkeka, akanishika mkono kama mtu anayetaka kupeleka habari ya msiba.

"Nataka unichoree mama," akasema.

Hapo kicheko kikaniisha chote.

Mama yake alikuwa binti yangu. Alikufa kwa homa huyu mtoto akiwa hajajua hata kukaa bila kuegemezwa. Picha yake haipo. Siku ya harusi yake mpiga picha alipiga sana, tukapanga mstari, tukanyoosha shingo, kisha akaja kutwambia filamu imeungua. Iliyobaki ilikuwa ile ndogo ya kwenye kitambulisho, na mtu akifa kitambulisho hurudishwa serikalini ndipo mpewe cheti cha kifo. Tukakirudisha. Uso ukaenda nacho. Hakuna aliyetwambia tutoe kopi, na sisi siku ile tulikuwa tunawaza sanda.

Kwa hiyo huyu mtoto amekua akisikia tu. Huyu anamwambia, "Umefanana na mama yako paji la uso." Yule anamwambia, "Hapana, hili paji ni la kwa baba yako." Baba yake alihamia Mackinnon Road, akaoa, akazaa wengine. Mtoto alipokuwa mkubwa alisafiri mpaka huko kumwuliza mama yake alikuwa na uso gani. Akajibiwa, "Alikuwa mzuri." Basi. Mwanamume mzima, ameishi na mtu ndani ya chumba kimoja, anakwambia alikuwa mzuri!

Nilibaki mimi. Mimi ndiye niliyemzaa, nikamwosha akiwa mchanga, na nikamwosha mara ya mwisho. Mjukuu wangu alifikiri hivi: uso uko ndani ya kichwa cha bibi, kinachokosekana ni mkono wa kuutoa. Na huko Diani kuna mtu wa bara anayechorea wageni picha kando ya barabara. Basi amlete.

Yule mwalimu alikuwa na akili. Akasema hakuna anayeanza na uso. Uso ukikosea nywele moja tu, umekuwa mtu mwingine. Tuanze na miti ya nyuma ya nyumba, miti haikasiriki. Miti ikishasimama vizuri, tutaingia kwenye uso. Mimi miti niliikubali. Uso sikuukubali wala sikuukataa. Nilinyamaza, na mjukuu wangu akakihesabu kimya changu kuwa ahadi. Niliona macho yake yakikihesabu.

Somo la kwanza lilikwenda kwenye adabu. Alikuja asubuhi, akasimama uani na viatu vyake vyekundu, akaniita, "Sasa shosho! Uko fiti?"

Nikamtazama. "Wewe kwenu hamna shikamoo?"

"Iko, lakini iko shuleni."

"Hapa iko mlangoni. Rudi kule kwenye mkorosho uje upya."

Akarudi kweli, akaja. "Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Na shosho ni wa kwenu. Mimi ni bibi."

"Ai! Kwetu bibi ni mke. Nikikuita bibi hapa, watu watasema nimekuoa."

"Unioe wewe, na viatu hivyo?"

Mjukuu wangu aliyekuwa jikoni akaangusha mwiko kwa kucheka. Tukakubaliana aniite nyanya, ingawa alinung'unika kwamba nyanya ni ya kachumbari. Mimi nikamwita mwalimu, kwa kuwa mtu akikufundisha, hata awe mdogo kuliko mwanao wa mwisho, ni mwalimu.

Yeye alisema "msitu". Nikamwambia msitu ni wa kwenye redio, huu wa kwetu ni mwitu. Hauna mpango. Umeota juu ya mawe ya matumbawe, mitambaazi imejifunga kwenye miti kama mikanda, chini majani makavu yenye kelele, juu hondohondo wanapiga mabawa kama watu wanaokung'uta mikeka. Nilikuwa nimeupita mwitu huo tangu siku niliyoletwa hapa bibi harusi, nikienda kuokota kuni. Nilijiona naujua.

Nikatia brashi kwenye tyubu ya kijani. Akanishika mkono.

"Hapana, nyanya. Hiyo usiguse."

"Si majani ni kijani?"

"Hiyo ni kijani ya mlango wa duka. Angalia."

Akaminya nyeusi kidogo, akaminya manjano zaidi, akazisaga kwa kisu cha bapa juu ya kipande cha kigae. Nikaona kwa macho yangu kijani kinatoka mahali ambapo hakikuwapo, kizito, kichovu, kile kile cha majani ya mbambakofi wakati wa kiangazi. Nikaguna. Yale makopa yote niliyokula mwaka ule hayakunishibisha kama kitu kile.

Alinifundisha kuanza na giza na kumaliza na mwanga. Rangi nyepesi kwanza, nzito juu yake. Miti ya mbali nisiitie rangi ya miti, niitie bluu na nyeupe, iwe kama iko nyuma ya moshi wa kuni. Alinifundisha kufumba jicho nusu ili nione vitu vikubwa na niache vidogo. Mimi maisha yangu yote nimekuwa nikitazama vidogo: jiwe kwenye mchele, chawa kwenye kichwa cha mtoto. Kufumba jicho nusu kulinichosha kuliko kulima.

Kisha nikaiharibu picha ya kwanza, na niseme jinsi nilivyoiharibu, maana huku kwetu ilichekwa mpaka Mkongani.

Kile kichupa cha mafuta ya kulainisha rangi kiliisha mwalimu akiwa Diani. Yeye alikiita mafuta ya kitani. Mimi kitani sikijui. Nikawaza: hii inaitwa rangi ya mafuta, na mafuta ni mafuta. Nikakuna nazi, nikakamua tui, nikalibandika motoni mpaka mafuta yakajitenga, yakapoa, nikayachanganya na rangi. Ilitelezaje! Brashi ilikwenda yenyewe. Nyumba nzima ilinuka kama nywele za bibi harusi. Nikamaliza mwitu mzima kwa siku chache, nikaisimamisha ukutani, nikaitazama kwa maringo.

Haikukauka. Wiki ikapita, mwezi ukapita, picha mbichi kama siku ya kwanza. Vumbi likakaa. Manyoya ya kuku yakakaa. Sisimizi wakatengeneza safu kutoka dirishani, wakapanda, wakawa wanaula mwitu wangu kuanzia pembeni.

Mwalimu alipokuja akaweka kidole, kikatoka kijani. Akakinusa.

"Nyanya, hii ni ya kuangalia ama ya kula?"

"Ulisema rangi ya mafuta."

"Mafuta gani umeweka?"

"Yanayopakwa. Ya nazi."

Akaketi palepale kwenye mchanga na suruali yake safi. Alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa mkono wenye rangi, akawa na shavu la kijani. Kisha akanieleza kwamba kuna mafuta yanayokauka yakawa kama ngozi, na kuna yasiyokauka hata Kiyama, na nazi ni katika hayo. Tukaifuta kwa tapentaini na leso kuukuu. Mwitu wote ukaingia kwenye ile leso. Mjukuu wangu alisimama mlangoni akitutazama, na yeye peke yake hakucheka. Alikuwa anaona njia ya kufika kwa mama yake imerefuka.

Picha ya pili niliichora wakati wa mvua za vuli, nikiwa nimekaa barazani kwa sababu nyonga zilikuwa zinaniuma. Nilichora ninachokijua. Mbele kabisa niliweka ule mbambakofi mkubwa, mti wa kuni zangu zote, ambao binti yangu nilipita naye hapo mgongoni, kisha akapita akinishika leso, kisha akapita mbele yangu na mzigo wake mwenyewe. Niliupanda chini ya picha, panda yake, pale matawi yanapogawanyika, chini kidogo, usawa wa kifua, tawi kubwa limeinamia baharini, gome jeusi kama sufuria. Mwanga niliutia mwisho, manjano na nyeupe, ukidondoka kati ya majani.

Siwezi kujificha: ilikuwa nzuri. Jirani yangu alipoingia kuomba chumvi aliruka nyuma.

"Wee! Umeuingizaje mwitu ndani ya nyumba? Na nyoka wake je?"

"Wamebaki nje. Chukua chumvi uende."

Hakwenda. Akaita wengine. Ndugu yangu, ambaye ni maalim, naye akaja, akaweka mikono nyuma, akatazama kwa muda. "Miti haina neno," akasema. "Chenye roho ndicho chenye maneno katika dini." Akanitazama mimi, akamtazama mjukuu wangu, kwa kuwa habari ya ule uso ilishaenea.

Juma lililofuata mjukuu wangu alikuja na kitambaa kidogo kipya, kimewambwa, cheupe, ukubwa wa sahani. Hakusema ni cha nini. Alikiweka juu ya kitanda changu, upande wa mto, akaenda kuchota maji.

Nililala nacho chumba kimoja siku nyingi. Nikitoka kuswali nakiona. Kilikuwa kinanitazama kabla hakijapata macho.

Siku moja ya mapumziko yake akaniambia, "Bibi, nipeleke nikauone huo mti wenyewe. Nimepita hapo nikiwa mdogo tu." Nikachukua fimbo, tukaenda polepole. Alikuwa amepiga picha ya mchoro wangu kwa simu. Tukafika. Akautazama mti, akaitazama simu, akautazama mti.

"Bibi, hauko hivi."

"Hauko vipi?"

"Umegeuza. Tawi kubwa limekwenda bara. Wewe umelipeleka baharini."

"Umesimama vibaya. Njoo huku."

Akaja huku. Bado. Tukazunguka. Nilishika gome, nikazunguka mti mzima nikitafuta ni wapi mtu angesimama auone kama nilivyouchora, maana nilikuwa na hakika kwamba mahali hapo papo. Hapakuwapo. Panda ilikuwa juu ya kichwa changu, siyo kifuani, na mti haushuki. Gome lilikuwa la kijivu, karibu jeupe, limebanduka vipande vya mviringo kama shilingi. Wapi ule weusi wa sufuria? Labda ulikuwa mti mwingine uliokwisha katwa. Labda haukuwa mti wowote.

"Si kitu, bibi," mjukuu wangu akasema. "Utarekebisha."

Nami nikarekebisha. Mwalimu aliposikia alisema, "Kwangua tu, nyanya. Rangi ya mafuta inasamehe." Picha ikabebwa mpaka kule chini ya mti, mimi nikabebewa kigoda, nikakwangua tawi la uongo kwa kisu, nikalipeleka bara. Nilikuwa nikitazama mara moja kisha napaka mara moja. Natazama, napaka. Kila nilipokuwa na hakika, nilipoinua kichwa nilikuta nimekosea. Hata idadi ya matawi. Hata upande ambao jua linaugusa. Mwalimu alifurahi sana, akasema sasa nimejua kuchora. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikijifunika leso mabegani kama mtu wa baridi, na kulikuwa na jua.

Mti niliupita miaka yote hiyo, na juzi tu nilikuwa nikiuona kwa mbali kutoka jikoni. Binti yangu nimemwona mara ya mwisho huyu mtoto akiwa hajaota jino.

Basi nikaanza kumtafuta. Nilipokuwa nachambua mchunga, nilipokuwa naanika nguo, nilifumba macho nikamwita. Alikuja, alikuja mzima, na kicheko chake na hasira zake. Lakini nilipomwambia simama nikutazame kama ninavyoutazama mti, hakusimama. Kishimo cha shavuni kilikuwa kulia au kushoto? Nilikiweka kulia, kikaonekana sawa. Nikakihamishia kushoto, kikaonekana sawa vilevile. Pua ikaja, nikaishangilia, kisha nikaijua: ilikuwa pua ya dada yangu. Niliacha mboga kwenye ungo nikaingia ndani, nikakilaza kile kitambaa kidogo kifudifudi.

Siku ya kuulizwa ikafika. Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula. Mwalimu alikuwapo, kashapanga rangi kwenye kigae: nyekundu, kahawia, manjano, nyeupe. Sikuona nyeusi ya mwitu wangu. Mjukuu wangu alitoka ndani amevaa dera safi, amekishika kile kitambaa kwa mikono miwili kama sinia ya posa. Akakisimamisha mbele yangu.

"Haya, bibi."

Nikaiweka brashi chini.

"Ni kwa sababu ya alivyosema maalim?" akaniuliza. "Nitamwomba mwenyewe. Nitamwambia nitaiweka kabatini, haitawekwa ukutani."

"Maalim mwache. Ningeweza kujificha nyuma ya dini na usingeniuliza tena. Sitakudanganya hivyo."

"Basi ni nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya kishimo cha shavuni, na habari ya pua ya dada yangu. Mwalimu alikuna ndevu zake, akasema jambo hilo lina dawa: atachukua uso wangu, atachukua uso wa mtoto, ataupata wa katikati, kama vile unavyochanganya nyeusi na manjano ukapata kijani.

"Hicho kijani chako kitakuwa uso wa nani?" nikamwuliza.

Alikuwa mtu mwema. Akaanza kufunika tyubu zake moja moja.

Mjukuu wangu alipiga magoti. Huyu ni mwanamke mtu mzima, anajitegemea, watu wa hotelini wanamheshimu, akapiga magoti kwenye mkeka wangu akaniwekea kichwa mapajani kama alipokuwa wa kusukwa. Nywele zake zilinuka sabuni ya wageni.

"Bibi, wewe ndiye wa mwisho. Ukiondoka wewe, hakuna tena."

"Najua."

"Basi nichoree hivyo hivyo. Nichoree unavyofikiri."

Nikamwambia, "Mti nikikosea, nitarudi kuutazama. Uso ule siwezi kurudi kuutazama. Siuchori."

Alilia. Nilimwacha alie, nikawa napitisha mkono kichwani mwake, juu, chini, na mimi nalia bila sauti kwa kuwa mgeni yupo. Nilimsimulia nisichokuwa na shaka nacho: kwamba mama yake alikuwa akila muhogo mbichi jikoni kabla haujaiva, kwamba alikuwa na mkono wa haraka na mdomo wa haraka zaidi, kwamba alipomzaa yeye alimtazama mchana kutwa bila kumpa mtu. Alisikiliza. Habari hizo alizikubali zote. Halafu akainua uso wake uliolowa, akanitazama kwa karibu sana, na nikaona amepata hoja ya mwisho, ile aliyokuwa ameificha.

"Lakini bibi, hata ukikosea, mimi sitajua. Mimi sikumwona. Chochote utakachochora, kwangu mimi kitakuwa mama."

"Ndiyo maana," nikamwambia.

"Nitakipenda."

"Utakipenda. Utakibusu. Na mama yako atakuwa amekaa nje."

"Bibi, tafadhali."

Nikakichukua kile kitambaa cheupe, nikamrudishia mikononi, nikaifunga mikono yake juu yake kwa mikono yangu.

"Mti nikikosea, nitarudi kuutazama. Uso ule siwezi kurudi kuutazama. Siuchori."